Mtumbwi wa Maji ya Zambarau

Vijana wa karakana, siku mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niandike nilivyopanda vyeo. Hayo sitaandika. Vyeo vyangu vilikuja kwa sababu waliokuwa mbele yangu walihamishwa au walizikwa, na habari za mshahara mnazijua vizuri, maana kila mwisho wa mwezi nawasikia mkinung'unika. Nitawaandikia habari za mtambo mmoja wa shaba ambao hamkuukuta, uliosimama pale penye kibanda cha jenereta siku hizi. Mtambo huo ndio ulionifundisha woga, na mimi woga nauhesabu miongoni mwa vifaa vya kazi, pamoja na spana na msumeno.

Niliajiriwa Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilitoka shule ya ufundi na bisibisi, nguo ya kazi, na kiburi cha kujaza lori. Nilidhani hospitali ya misheni kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, ingenipa kazi ya maana siku ileile. Nilipewa choo kilichoziba. Nilipomaliza nikapewa kingine. Fundi wa bomba ambaye hakuanzia chooni simwamini hadi leo, kwa sababu huko ndiko unajifunza kwamba maji hayana adabu. Yatapita yanapotaka yenyewe, hata ukasirike namna gani.

Aliyenitoa chooni ni Sista Anjela, mtawa wa Kizungu aliyesimamia wodi. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, hata akikohoa unasikia Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Mwaka ule ziwa lilipanda kuliko wazee walivyokumbuka. Gati lilimezwa, mashamba ya ufuoni yakawa malisho ya viboko, na barabara ya Kisumu ikawa inakatika kila mvua iliponyesha. Kisha ukaingia ugonjwa wa kuharisha na kutapika. Watu waliletwa kwa machela na kwa baiskeli, macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Tiba yao ilikuwa chupa za maji ya chumvi za kutundika, yale yanayopita kwenye sindano hadi mshipani, na chupa hizo zilitoka Kisumu. Sasa hazikuja.

Sista alinikuta nimeinama kwenye mtaro.

"Zakayo, chumvi ninayo. Sindano ninazo. Maji ndiyo sina."

Nikageuka kutazama ziwa, ambalo lilikuwa limesogea hadi karibu na jikoni. "Na haya yote, Sista?"

"Hayo ukiyatia kwa mshipa wa mtu, kesho unamchimbia kaburi."

"Basi tuyachemshe."

"Ukichemsha, vijidudu vinakufa, lakini maiti zao zinabaki humo ndani. Tumbo halijali maiti. Damu inajali. Mtu anaanza kutetemeka, homa inapanda, na kama alikuwa amechoka sana, anaenda."

Akanieleza kwamba njia ni moja: maji yageuzwe mvuke ili uchafu wote ubaki chini, kisha mvuke ugeuzwe maji tena bila kuguswa na kitu kingine. Aliyaita maji ya mvuke, na sisi wote tukayaita hivyo. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea mtambo. Nilijibu naweza, kwa sababu kijana wa umri ule akiulizwa na Sista hujibu naweza. Hofu ilinipata njiani nikirudi nyumbani.

Kusema kweli, kugeuza mvuke kuwa maji lilikuwa jambo linalojulikana kila kijiji chetu. Ndivyo pombe ya chang'aa inavyopikwa: chungu juu ya moto, bomba, na mto wa kulipoza lile bomba. Sikuona haya kuanzia hapo. Tofauti ni kwamba mpishi wa chang'aa akikosea, mteja wake analaumu kichwa chake mwenyewe. Mimi nikikosea, Sista angeniita wodini nione.

Nilimwendea Mzee Swalehe, ambaye alikuwa na duka la vyombo mjini na nyuma yake kibanda cha kutia bati sufuria za shaba. Alikuja kutoka pwani kwa reli hadi Kisumu, akapanda meli hadi Homa Bay kumtembelea ndugu, akasahau kurudi. Sufuria ya shaba isiyotiwa bati ndani huwatapisha watu, na yeye ndiye aliyezitia bati sufuria zote za sherehe kutoka kwetu hadi Kendu. Nilipomweleza shida, aliingia ndani, akatoka akiviringisha sufuria ambayo ningeweza kukaa ndani yake nikavuta miguu.

"Hii ni ya Maulidi, mwanangu. Imeshapikia pilau mji mzima. Ikiingia pombe humo, hata tone, mimi na wewe hatujuani."

"Ni maji tu, Mzee."

"Maji tu ndiyo kazi. Pombe ukiikosea, mlevi hatambui."

Bomba la shaba lilitoka kwenye vyuma chakavu vya mgodi mmoja upande wa Migori, vipande viwili, kwa kuwa kirefu cha kutosha hakikupatikana. Mzee alinionyesha jinsi ya kulikunja lisibonyee. Unalijaza mchanga, unaziba ncha zote mbili, unalipasha hadi liwe jekundu, unalichovya majini, na shaba inalainika kama ngozi mbichi. Halafu unalizungusha polepole kwenye gogo. Mchanga lazima uukaange kwanza ukauke kabisa. Ukibaki na unyevu, ndani ya bomba unageuka mvuke na kizibo kinakurukia usoni. Kovu hili chini ya jicho ambalo mmekuwa mkisema nilipigwa na mke wangu ni la kizibo.

Vile vipande viwili tuliviunganisha kwa bati tupu. Nilikuwa nimekuja na risasi ya kulehemu, ile ya kuzibia ndoo na gata za paa, na Mzee aliitupa nje ya mlango bila kunitazama. "Risasi ni sumu. Ya gata iache kwenye gata." Basi koili yetu, yaani lile bomba lililozungushwa, ikawa na kiungo kimoja katikati, na kiungo hicho kikahamia kichwani mwangu. Nikila nakiona, nikisali nakiona. Koili ingekaa ndani ya pipa la maji ya ziwa, na ndani yake yangepita maji ya kuingia katika damu ya watu. Kilichotenganisha haya mawili pale katikati kilikuwa utando wa bati mwembamba kuliko ukucha.

Sasa kupoza. Hapa ndipo wengi wenu mngekosea, kwa hiyo someni polepole. Mara ya kwanza nilijaza pipa, nikawasha moto chini ya sufuria, na matone yakaanza kutoka vizuri tukashangilia. Baada ya muda pipa lilipata joto, na badala ya matone bomba likaanza kupumua mvuke mtupu. Nikamwaga maji baridi kwa juu. Hayakusaidia. Yalichanganyika na ya moto, pipa zima likawa vuguvugu. Nilikaa pale nikitia mkono juu, nikitia mkono chini, hadi nikaelewa kwamba maji ya moto hukaa juu kama wageni wa heshima na baridi hukaa chini na watoto. Nikashusha bomba lenye faneli hadi kitako cha pipa, ili maji baridi yaingilie chini, na karibu na ukingo nikatoboa mdomo ili ya moto yamwagikie nje. Mvuke ukaingilia juu na kushuka, ukikutana na maji yanayozidi kuwa baridi, na kabla ya kutoka unapita penye baridi kuliko pote. Tangu hapo mtambo haukupumua tena.

Lakini yale maji ya kupoza yalitoka wapi? Kuteka ziwani mchana kutwa ilikuwa kuwatuma watu kwa viboko. Ufuoni palikuwa na mtumbwi mkongwe uliooza ubavu. Tuliuvuta hadi kando ya kibanda cha mtambo, nikauziba kwa lami, nikauweka chini ya paa la makuti penye upepo wa ziwa. Maji ya moto kutoka pipani yalishuka kwa mfereji wa bati hadi upande mmoja wa mtumbwi, yakatambaa mle ndani yakipigwa na upepo, na yalipofika upande wa pili yalikuwa yamepoa. Hapo mtu anayachota kwa ndoo na kuyarudisha kwenye faneli. Maji yaleyale yakazunguka siku nzima.

Kwa kuwa yalikuwa yaleyale, nilipata wazo la kutuliza woga wangu. Mzee Swalehe alikuwa akitafuta matundu ya vyombo kwa buluu ya kufulia: anatia maji ya buluu ndani na kutazama yanapotokeza. Nikamwomba Sista rangi. Akanipa unga wa jivii, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wachanga wenye vidonda vya mdomoni. Niliukoroga kwenye mtumbwi hadi maji yakawa karibu meusi. Kiungo kikivuja, zambarau itaingia kwenye koili na kutoka pamoja na maji ya mvuke. Kila asubuhi glasi ya kwanza iliinuliwa mbele ya nguo nyeupe ya Sista, na tuliitazama wote wawili. Ilikuwa nyeupe. Kesho yake nyeupe. Sikuzoea.

Chifu naye alikuja, kwa sababu watu walimwambia misheni imeanza kupika chang'aa na imepata pipa kubwa kuliko la mtu yeyote. Alichovya kidole chini ya bomba, akalamba, akangoja. Akachovya tena. Aliondoka na uso wa mtu aliyefiwa.

Miezi ikapita, na wagonjwa waliotundikiwa maji yetu walienda nyumbani kwa miguu yao. Hospitali nyingine ndogo huko Suna, upande wa Migori, ikasikia, ikaomba fundi akawajengee mtambo kama huo. Nilimwachia kazi Joram, dresa wa kufunga vidonda katika wodi ya wanaume, mtu makini ambaye hata kitambaa cha kidonda alikikunja mara mbili kabla ya kukitupa. Nilimwonyesha moto, faneli, glasi. Nikamlemea kwa maonyo hadi akaniambia, "Fundi, enda bwana. Mimi si mtoto."

Huko Suna kazi ilichukua muda wake. Nilirudi juu ya lori la mahindi, na lilisimama Rangwe, siku ya soko. Nilikuwa bado sijashuka kununua ndizi niliposikia naitwa. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu, amebeba karai la nyanya.

"Fundi! Kumbe uko huku? Min Ouma amepelekwa hospitali. Anaharisha, anatapika, hata kusimama hawezi. Watoto wako kwa dani yao."

Min Ouma ni mke wangu, Akinyi. Ouma ndiye mtoto wetu wa kwanza, na dani ni bibi. Kutoka Rangwe hadi ziwani sikumbuki kitu barabarani isipokuwa dereva, ambaye alisimama kila alipoona mtu anayemfahamu, na alimfahamu kila mtu.

Nilivuka uwanja wa hospitali mbio. Palikuwa pamejaa, kama kawaida, akina mama waliokuja kuwauguza watu wao na kuwapikia, kila mmoja na mafiga yake na mtoto mgongoni. Niliona bila kuangalia kwamba kila mtoto alikuwa na midomo ya zambarau, kama aliyeshinda juu ya mzambarau. Nikawaza tu kwamba vidonda vya mdomo vimezidi msimu huu. Nikaingia wodini.

Akinyi alikuwa amelala chali, na kama Sista asingenionyesha kitanda ningempita. Uso ulikuwa umebaki mifupa. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakunifuata. Juu yake ilining'inia chupa, na mpira wake ukashuka hadi kwenye mkono uliofungwa kwa ubao. Tone, tone, tone.

"Ni maji yako," Sista aliniambia. "Bila huo mtambo tungekuwa tumemzika leo asubuhi."

Nisiwafiche, nilijisikia fahari. Mke wangu yuko hatarini na mimi nimesimama pale navimba kifua kwa sababu ya pipa. Ndipo Sista akashusha sauti.

"Lakini nikuulize. Wiki hii wagonjwa wawili wametetemeka baada ya chupa. Mmoja jana. Nimewapa dawa ya malaria. Glasi ni nyeupe, Joram ananionyesha kila siku, na mimi mwenyewe naiona. Ni malaria, sivyo?"

Nilifungua mdomo nimjibu ndiyo, nikaona ile midomo ya watoto.

Nilikimbia hadi kwenye mtumbwi. Maji niliyoyaacha karibu meusi yalikuwa mepesi hata niliona mbao za chini, na lami yangu, na kijiko cha mtu kilichozama. Kandokando, juu ya mawe, palikuwa na vikombe vya bati vyenye duara la zambarau ndani. Mama mmoja aliyekuwa akipuliza moto karibu na hapo, Mama Pamela, aliyekuja kumuuguza mavyaa wake, aliinuka akijifuta macho kwa moshi.

"Mama, nani amegusa maji haya?"

"Hiyo dawa ya mdomo? Si ni ya hospitali, ni yetu sote. Kwenye dirisha la dawa wanatupimia tone moja, na watoto ni wengi. Tulichota tu kidogo kidogo."

"Mlichota mkapeleka wapi? Mbona mtumbwi umejaa?"

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Fundi, sisi si wezi. Kila mwenye kuchota alirudisha maji ya ziwa, kikombe kwa kikombe. Tuliambiana hivyo wote. Angalia mwenyewe kama imepungua."

Haikuwa imepungua. Siwezi kuwaambia walivyokuwa waaminifu. Walichukua rangi yote ya mtumbwi ule kwa midomo ya watoto wao, na wakanirudishia ziwa hadi ukingoni. Joram hakudanganya, glasi ilikuwa nyeupe kweli. Ingekuwa nyeupe hata kama kiungo kingekuwa kimepasuka nusu, kwa kuwa hapakuwa na rangi tena ya kuingia.

Niliingia kibandani. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi na mtambo ulikuwa baridi. Nikafikiri: mvuke haupo, kwa hiyo bomba lisitoe chochote. Likitoa maji sasa hivi, hayo ni ya ziwa yaliyoingilia kwenye kiungo. Mdomoni mwa bomba lilining'inia tone. Nikalifuta kwa shati, nikapiga magoti, nikatazama. Nilitazama ule mdomo wa shaba hadi macho yakatoka machozi. Halikuja lingine. Nikafuta tena, nikachomeka ncha ya kitambaa kikavu ndani, nikangoja, nikakitoa. Kikavu.

Mtu mwingine angesimama akashukuru. Mimi nilibaki magotini, kwa kuwa nilijua jambo ambalo Sista hakulijua. Shaba ikipata moto hutanuka. Kiungo kinaweza kufunga vizuri kikiwa baridi, na kikafunguka mtambo ukichemka, halafu kikajifunga tena moto ukizimwa. Kile kitambaa kikavu kiliniambia habari za mtambo uliolala. Kuujua ukiwa macho ilibidi niuchemshe, na kwa kuni zile mbichi ni kazi ya nusu siku. Akinyi hakuwa na nusu siku.

Nilirudi wodini nikamweleza Sista yote, ya vikombe na ya kiungo. Hakupiga kelele. Alishika kile kishikizo cha mpira, kinachofunga maji, akanitazama.

"Nikifunga, sina kingine cha kumpa. Akimeza kinarudi. Na mshipa huu tuliutafuta kwa machozi, ukiziba sitaupata tena. Nikiacha, na kama koili inavuja, atatetemeka, na sijui kama moyo wake utavumilia. Mimi namjua mgonjwa. Wewe unaujua mtambo. Niambie."

Niliogopa. Nasema wazi maana mnaniona mzee mwenye majibu. Niliogopa hadi meno yakaniuma. Nilitaka mtu aingie aseme mimi nikae, yeye atajibu. Nilitazama matone yakianguka ndani ya kiputo cha kioo chini ya chupa, safi kabisa, na usafi wake haukuniambia kitu. Nikawaza habari za Ouma na wadogo zake kwa bibi yao. Nikawaza kwamba kufunga ni kifo ninachokijua, na kuacha ni kifo ambacho sikijui.

"Acha," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapana, Sista. Acha."

Akaondoa mkono kwenye kishikizo.

Chupa ilikuwa haijaisha Akinyi alipoanza kutetemeka. Kulianzia kwenye taya. Kisha mabega, kisha mwili wote, na kitanda cha chuma kikawa kinagonga ukuta. Wagonjwa wengine waligeuka kutazama na wengine wakajifunika. Sista alileta blanketi juu ya blanketi. Mimi nilijilaza juu ya miguu ya mke wangu kama mtu anayezuia paa lisipeperushwe, nikiomba na kutukana, sijui lipi zaidi. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni malaria, iwe malaria. Ndiyo mara pekee maishani niliyomwombea mtu malaria.

Kutetemeka kulikoma. Jasho likamtoka, halafu akatulia kabisa, na huko kutulia kuliniogopesha kuliko yote. Niliweka mkono kifuani pake na sikuuondoa. Nikiona hauinuki nabana pumzi hadi uinuke. Sista alibadilisha chupa, kwa kuwa nyingine ya maji yaleyale ndiyo iliyobaki, na safari hii hakuniuliza. Jua lilikuwa limeinamia upande wa Gembe na akina mama nje wameanza kusonga ugali.

"Wuon Ouma."

Sikuamini kwamba ni yeye aliyeniita baba wa Ouma. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama mimi.

"Eee, niko hapa."

"Niinue. Nataka kukojoa."

Nilimwita Sista kwa sauti ambayo nadhani ilifika gatini. Alipoambiwa mgonjwa anataka nini, yule mtawa wa heshima zake alikimbia katikati ya wodi na beseni mkononi, akimtukuza Nyasaye kwa Dholuo, kofia imemkaa upande. Baadaye alinieleza kwamba mwili uliokauka haukupi hata tone. Ukiona unatoa maji, ujue umepata ya kutosha na umeamua kubaki. Wakati huo sikuhitaji maelezo. Niliuona uso wake.

Kesho yake asubuhi nilitia unga mpya wa jivii kwenye mtumbwi hadi maji yakawa meusi. Mama Pamela na wenzake walikaa mbali kidogo, wamekunja mikono, wakinitazama kwa huruma kama mtu mwenye kichaa cha rangi. Nikawasha moto. Sista akaja na glasi. Matone ya kwanza yalikuwa meupe, na moyo wangu ulianza kukaa. Tukangoja. Pipa lilipata joto juu, likashuka hadi katikati, hadi penye kiungo. Nilikuwa na mkono kwenye ubavu wa pipa nikilisikia linavyoshuka.

Sista akajaza glasi nyingine na kuiinua mbele ya nguo yake. Aliisogeza kwenye mwanga, akairudisha. Kisha akanipa mimi, na mimi nikaitazama dhidi ya ile nguo nyeupe. Rangi ilikuwepo. Ilikuwa hafifu sana, lakini ilikuwepo.

Sista aliichukua ile glasi, akaimwaga kwenye majani. Nikakaa juu ya gogo la kuni. Kwa siku nzima ya jana nilikuwa nimeogopa jambo ambalo labda halipo. Sasa nilijua lilikuwepo, na kwamba nilisema acha, na ziwa likaingia kwenye mshipa wa mke wangu tone kwa tone huku nimeshika miguu yake.

Akinyi alikuwa ameketishwa karibu na dirisha la wodi, amefungwa blanketi, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Alikuwa ameiona ile glasi ikimwagwa. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba, lakini ilivuka uwanja.

"Wuon Ouma! Hayo maji yako yako sawa?"

Akina mama wote wakageuka kunitazama.

"Bado," nikamjibu, nikainuka, nikaanza kuchomoa kuni moja moja chini ya sufuria.